Jinsi ya kufundisha wanafunzi kuandika risachi (kwa mwalimu mwenye darasa kubwa na muda mdogo)

Walimu wenzangu habari za kazi. Hii naiandika kwa wale mnaofundisha vyuoni, diploma na digrii, na hata wale wa kidato cha tano na sita mnaotaka vijana wafike chuo wakiwa na mwanga kidogo. Hali yenyewe tunaijua: semista inaanza, mwanafunzi anaambiwa atafute mada, anapewa hendauti inayoonyesha sura ya kwanza ina nini na sura ya pili ina nini, alafu anatajiwa dedilaini. Katikati hapo hakuna anayemfundisha kitu. Ikibaki wiki moja anaenda steshenari nje ya geti, pale kuna kompyuta imejaa risachi za miaka ya nyuma, anabadilishiwa jina la mkoa na mwaka, anaprinti, anabaindi, anakuja kukukabidhi. Ukimuuliza kwa nini umefanya hivi anakutazama tu, na wengi wao sio wavivu kivile, hawakujua waanzie wapi.

Mimi naona shida ni kwamba tunaagiza risachi, hatuifundishi. Ndani yake kuna kazi nyingi tofauti: kuuliza swali, kutafuta, kusoma, kuchukua notsi, kukusanya data, kupanga hoja, kuandika, kurekebisha, na kila moja inafundishika peke yake darasani, tena nyingine kwa karatasi moja tu. Kwa hiyo mwongozo huu unaenda kazi kwa kazi. Mfano nitautumia mmoja mwanzo mpaka mwisho, mama lishe na nishati ya kupikia, kwa sababu kila mwanafunzi anakula kwa mama lishe na hakuna wa kusema mada haimhusu.

Kabla ya yote, gawa alama

Hili lifanye hata kabla hujaingia darasani. Kama alama zote ziko kwenye nakala ya mwisho basi umewaambia wanafunzi kwamba kinachotakiwa ni kitabu kilichobaindiwa, na kitabu kilichobaindiwa kinauzwa. Ukizisambaza alama kwenye hatua, wa steshenari hana cha kuuza. Mgawo wangu uko hivi: swali la utafiti 10, kadi za kusomea 20, jedwali la mapitio pamoja na muhtasari 15, dodoso na majaribio yake 10, rasimu 15, kujieleza kwa mdomo 15, nakala ya mwisho 15. Kama chuo chako kina mgawo wake ambao huwezi kuugusa, gawa hivyo hivyo ile sehemu uliyoachiwa, hata kama ni kosiwaki tu.

Na urefu, kwa anayeanza kurasa nane mpaka kumi zinatosha kabisa. Mtu ambaye hajawahi kuandika kurasa kumi zake mwenyewe ukimdai sitini atakuletea sitini, ila hazitakuwa zake.

Hatua ya 1: Kutoka mada hadi swali

Hapa usiwe na haraka, mimi nakaa wiki mbili nzima. Ukiwaambia walete mada, nusu ya darasa italeta kitu kinachoanza na "Changamoto zinazowakabili...", na nusu iliyobaki italeta "Mchango wa... katika maendeleo ya...". Changamoto zinazowakabili mama lishe Tanzania. Sawa, sasa hapo utafiti uko wapi? Jibu tunalo sote tukiwa tumekaa kwenye vimbweta: mtaji mdogo, mgambo, mvua, wateja wanaokopa. Mwanafunzi atazunguka na dodoso juani wiki tatu ili arudi na hayo hayo.

Kwa hiyo andika mada hiyo ubaoni alafu darasa zima liibane kwa maswali. Mama lishe yupi? Wa wapi? Kitu gani hasa kwenye maisha yake kinakushangaza? Hapo kuna mmoja atasema mimi nilishamuona mama ana jiko la gesi pembeni lakini maharage anapika kwa mkaa. Haya, hapo sasa. Andika: "Kwa nini baadhi ya mama lishe wa stendi fulani wanaendelea kutumia mkaa ilhali wana jiko la gesi?" Hilo ni swali. Na lina uzito, kwa sababu nchi ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mtu mwenye jiko la gesi ambaye bado ananunua mkaa ni habari inayomhusu kila mtu anayehesabu hiyo asilimia.

Alafu kila swali lipitishwe kwenye majaribio matatu. La kwanza, mwanafunzi aandike majibu mawili tofauti yanayowezekana, yote yenye akili. Kwa mfano: bei ya kujaza mtungi, au ladha na mazoea ya wateja. Akishindwa kuandika la pili ujue jibu analo tayari kichwani na anaenda tu kulitafutia mashahidi. La pili, aseme atampata nani wa kumuuliza na nauli yake ni shilingi ngapi. Hili wanalicheka ila ndo linaloua mada nyingi, maana mtu yuko Morogoro anataka kutafiti wavuvi wa Kigoma na bumu halijaingia. La tatu, aseme nani atafaidika akijua jibu, na jibu lisiwe "jamii kwa ujumla".

Asiyepita arudi wiki ijayo. Usimhurumie hapa, maana ukimpitisha na swali bovu utamhurumia mpaka mwezi wa mwisho.

Hatua ya 2: Kutafuta maandiko, na bando likiwa dogo

Wanafunzi wengi kutafuta kwao ni kugugo mada yote kama ilivyo na kufungua kilichokuja juu. Waonyeshe live, projekta ikiwepo, isipokuwepo tumia simu yako waizunguke kwa makundi. Kwanza waandike maneno ya kutafutia, kama sita hivi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu makala nyingi za nishati Afrika Mashariki zimeandikwa kwa Kiingereza na neno "mama lishe" peke yake halitawafikisha mbali. Wale wanaoandika kuhusu lugha na fasihi ya Kiswahili wana bahati kidogo, yapo majarida kama Kiswahili na Mulika ya TATAKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Waanzie Google Scholar na AJOL. AJOL ni ile hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa 1998, makao yake Afrika Kusini, na makala nyingi mle unapakua bure. Wafundishe mbinu mbili tu, zinatosha. Ukipata makala moja nzuri, nenda kwenye marejeo yake mwishoni uone yeye alisoma nini, hapo unarudi nyuma. Alafu kwenye Google Scholar, chini ya makala hiyo hiyo kuna kiungo cha waliokuja kuitaja baadaye, bonyeza hapo, unaenda mbele. Mtu mwenye makala moja nzuri na mbinu hizi mbili anatoka na makala kumi jioni moja. Na makala ikidai hela, abonyeze kiungo cha matoleo yote, mara nyingi kuna pidiefu ya bure imekaa kwenye hazina ya chuo fulani.

Bando: chagua wawili watatu wenye intaneti nzuri, wapakue, zigawiwe kwa fleshi au kwenye grupu la wasapu. Kila mtu apakue mwenyewe ya nini.

Zoezi la darasani ambalo halinichoshi ni hili: waambie walete kesho idadi ya watu wa Tanzania. Watakuja na kila kitu, milioni 55, 59, 65, na mmoja atakuja na 44 tena ana uhakika kabisa. Usiwasahihishe. Uliza kila mmoja: nani kasema, lini, na alihesabu au alikadiria? Polepole inajulikana kwamba wa 44 yuko kwenye sensa ya 2012 iliyopata watu 44,928,923, mwingine ana makadirio ya mwaka wa katikati, na sensa ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Kila namba ina mwenyewe na ina tarehe yake. Baada ya zoezi hilo huhitaji tena lekcha ndefu ya vyanzo vya kuaminika, wameshaona wenyewe namba isiyo na mwenyewe inavyokuaibisha mbele ya watu.

Hatua ya 3: Kusoma na kutengeneza kadi

Mwanafunzi akipewa makala ya kurasa ishirini ya Kiingereza anaanza neno la kwanza, akifika ukurasa wa tatu amechoka. Mwambie asisome hivyo. Aanze na ikisiri, aruke mpaka mwisho wa utangulizi ambapo mwandishi husema anatafuta nini, atazame majedwali na picha, asome hitimisho, hapo ajiulize: inanihusu? Kama haimhusu aiache bila huruma. Kama inamhusu ndo arudi asome mbinu na matokeo kwa kalamu mkononi.

Na notsi waruhusu waandike kwa Kiswahili hata kama pepa yenyewe itaandikwa Kiingereza. Kuna walimu hawalipendi hili. Mimi nalisimamia, kwa sababu mwanafunzi anayenotsi kwa Kiingereza huku hajaelewa anaishia kunakili sentensi nzima, na sentensi hizo hizo ndo zinakuja kutokea kwenye pepa yake bila alama za kunukuu. Akiandika kwa Kiswahili inabidi aelewe kwanza, hana njia ya mkato.

Kadi ni karatasi ya A4 iliyokatwa nusu. Hii hapa ya mfano, makala yenyewe nimeitunga kwa ajili ya darasa:

*Makala namba 3, uk. 14.*
*Anasema nini: wenye gesi bado wanatumia mkaa kwa vyakula vya kukaa muda mrefu motoni.*
*Amejuaje: aliwahoji mama lishe na kukaa nao jikoni.*
*Mimi naona: hajauliza wateja. Na je, anayenunua maharage yaliyokwisha chemshwa?*

Huo mstari wa mwisho ndo wenye alama nyingi. Kadi isiyo na "mimi naona" ipewe nusu, hata kama imeandikwa vizuri namna gani. Na namba ya ukurasa iandikwe hapo hapo, sio baadaye, baadaye haipatikani.

Hatua ya 4: Kusema la mwingine kwa maneno yako

Tunawaambia wanafunzi "msikopi" lakini hatuwaonyeshi kutokukopi kunafananaje. Chukua aya fupi uweke ubaoni. Mimi naweka hii:

*Mama lishe wengi wanaomiliki majiko ya gesi wanaendelea kutumia mkaa kwa vyakula vinavyochukua muda mrefu kuiva, kama maharage na makande, kwa kuwa wanaona gharama ya gesi kwa vyakula hivyo ni kubwa.*

Waambie waandike kwa maneno yao. Wengi wataleta kitu cha namna hii:

*Mama lishe wengi wenye majiko ya gesi bado wanatumia mkaa kwa vyakula vinavyochelewa kuiva, mfano maharage na makande, kwa sababu wanaona bei ya gesi kwa vyakula hivyo ni kubwa.*

Hapo mwanafunzi anaamini kabisa amefanya kazi. Mpigie mstari kila neno ambalo lipo kwenye aya ya kwanza, ubao utajaa mistari. Mpangilio ni ule ule, amebadilisha visawe tu, na hii ndo aina ya kudesa iliyozoeleka kuliko zote kwa sababu wao hawaioni kama kudesa.

Sasa njia: asome mara mbili, afunike karatasi, amwambie jirani yake kwa mdomo huyu mtu amesema nini, alafu aandike alichosema, ndo afunue na kufananisha. Ikienda vizuri inatoka hivi:

*Kumiliki gesi hakujamtoa mama lishe kwenye mkaa. Anachagua moto kulingana na chakula, na kile kinachokaa sana jikoni, maharage kwa mfano, anakipeleka kwenye mkaa ili asitumie hela nyingi (Makala 3, uk. 14).*

Kuna kosa jingine linalotokea hapa na walimu wengi linatupita. Mwanafunzi anaandika vizuri kabisa, maneno yake, alafu anaongezea "huku chai na chapati wakizipika kwa gesi". Inasikika kweli, pengine hata ni kweli, ila mwandishi hakuisema. Amemwekea mtu maneno mdomoni na amemtaja kwenye mabano. Hilo kwangu ni kubwa kuliko visawe, kwa hiyo ile kufananisha mwishoni ina maswali mawili: nimebakiza maneno yake, na je, nimeongeza ambalo hakusema?

Kidogo kuhusu akili mnemba na Turnitin

Tangu ChatGPT iingie mwishoni mwa 2022 wanafunzi wanaitumia, na kujifanya hatujui hakusaidii. Mimi naiweka mezani. Tatizo lake kwa risachi ni kwamba inaweza kukutungia referensi: jina la mwandishi zuri, jarida la kweli, mwaka, kurasa, na makala yenyewe haipo duniani. Fanya zoezi: waiombe referensi tano za mada yao, alafu kila moja waitafute Google Scholar na waiweke namba yake ya DOI, ile inayoanza na 10, kwenye doi.org. Wakiona wenyewe makala inagoma kupatikana, au inafunguka makala nyingine ya mambo mengine kabisa, wanaelewa haraka kuliko ukiwatisha. Sheria ni kwamba makala ambayo huna kadi yake haiingii kwenye marejeo, basi. Kama wametumia akili mnemba kunyoosha Kiingereza chao waseme wameitumia wapi, kulingana na utaratibu wa chuo.

Turnitin, ile programu ya kukagua kudesa, nayo tusiifanye hakimu. Inaonyesha maandishi yanayofanana na mengine, haionyeshi wizi. Asilimia 20 inaweza kuwa marejeo na jina la chuo tu, na asilimia 6 inaweza kuwa aya moja nzima iliyobebwa mzima mzima. Fungua ripoti usome, usisome namba.

Hatua ya 5: Data, na ile fomula ya Yamane

Ukikusanya risachi za wanafunzi wa Afrika Mashariki ukafungua sura ya tatu, utakutana na fomula ya Yamane ya 1967, ya kupata idadi ya watu wa kuhoji (sampuli): idadi ya watu wote gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kosa lililopandishwa kipeo cha pili. Watu 400, kosa 0.05, jibu 200. Kila mtu ananakili, na mwisho wa siku amehoji watu thelathini na kaandika 200.

Wape kikokotoo. Waweke watu 60, yaani mama lishe wote wa stendi moja. Jibu linakuja 52. Waulize: kama wako 60 na fomula inasema 52, kwa nini usiongee na wote 60? Kimya. Sasa waweke watu wote wa Tanzania wa sensa ya 2022. Jibu 400. Hapo darasa linachangamka, stendi moja 52 na nchi nzima 400, imekuwaje? Ndo mahali pa kueleza kwamba watu wakishakuwa wengi sana wingi wao hauongezi kitu kwenye ukubwa wa sampuli, na kwamba hesabu hii ina sharti: uwe na orodha ya watu wote na uwachague kwa bahati nasibu. Mwanafunzi aliyesimama stendi akaongea na waliokuwa na nafasi hajafanya hivyo, hata akiwa na watu elfu. Afadhali aandike ukweli: nimeongea na mama lishe 25 waliokubali, saa nane mpaka saa kumi wateja wakiwa wamepungua, na kwa hiyo siwezi kusema chochote kuhusu mama lishe wote wa Tanzania. Sentensi hiyo mpe alama zaidi ya fomula.

Dodoso, yako makosa mawili ya kuwafundisha kuyanusa. Swali la mawili kwa moja: "Je, gesi ni rahisi na salama?" Sasa anayeona ni salama ila ghali ajibu nini? Na swali linaloongoza: "Je, unakubali kwamba mkaa unaharibu mazingira?" Nani atakataa mbele ya mwanachuo mwenye kalamu? Badala yake aulize vitu vilivyotokea: jana ulipika nini, kwa moto gani, mtungi wa mwisho uliujaza lini, ukakaa siku ngapi. Mtu anakumbuka jana yake kuliko maoni yake.

Kisha dodoso lijaribiwe kwa watu watatu wanne kabla ya kwenda uwanjani, na mwanafunzi alete nakala yenye makovu, maswali aliyoyafuta na sababu. Nakala safi kabisa ina maana hajajaribu.

Vibali msivisahau. Kwa kazi za digrii ya kwanza mara nyingi mwanafunzi anakwenda na barua ya chuo, anapita kwa mtendaji au serikali ya mtaa, lakini uliza ofisi yako ya utafiti mapema, maana kuna tafiti zinazohitaji kibali cha COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, na kwa wenzetu wa Kenya NACOSTI, tume yao ya kazi hiyo. Na anayehojiwa aombwe ridhaa, aambiwe anaweza kukataa, jina lake lisiandikwe. Tena amkute muda ambao hampotezei biashara, na akikaa hapo nusu saa basi hata sahani ya wali anunue jamani.

Hatua ya 6: Kupanga, hasa mapitio ya maandiko

Mapitio ya wanafunzi wengi yako hivi: fulani (2015) alisema, fulani (2018) alisema, fulani (2020) naye alisema. Hiyo ni foleni. Dawa yake ni jedwali, wachore kwenye karatasi kubwa: mistari ya kushuka ni makala, ya kulala ni mambo, yaani bei, ladha, upatikanaji, usalama, maamuzi ya nyumbani. Wajaze kutoka kwenye kadi. Wakimaliza wasisome tena kwa makala, wasome kwa jambo: kwenye bei wanaongea wangapi, wanakubaliana, nani anapinga, alitafiti wapi? Kila jambo linakuwa aya au mbili. Na kisanduku kinachobaki kitupu kwenye makala karibu zote, hicho ndo wanachokiita pengo la utafiti, hawana haja ya kulibuni.

Muhtasari nao uandikwe kwa sentensi kamili, sio vichwa vya maneno. "Bei ya gesi" sio kitu. "Mama lishe hawalalamikii bei ya gesi kwa siku, wanalalamikia kulipa mtungi mzima kwa mkupuo" ni hoja, na ikishakaa hivyo aya karibu imejiandika.

Hatua ya 7: Kuandika

Waanzie kwenye mbinu, maana hapo wanasimulia walichofanya na hakuna anayekwama kusimulia alichofanya. Matokeo yafuate, mjadala, alafu utangulizi, na ikisiri ya mwisho kabisa. Wanaoanza na utangulizi wanakaa wiki nzima kwenye "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akipika chakula". Futa hiyo.

Matokeo na mjadala vinawachanganya. Njia rahisi: matokeo ni ulichokiona, mjadala ni unachodhani kinamaanisha na kinakubaliana vipi na kadi zako. Kama sentensi ina "labda", ihamie kwenye mjadala.

Referensi sipotezi muda nazo. Chagueni mtindo mmoja, APA toleo la saba kama chuo hakijasema vingine, wapakue Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo ambayo ni bure, waingize makala kuanzia hatua ya 2, mambo yanaisha.

Hatua ya 8: Kusahihisha bila kufa

Una wanafunzi 150, huwezi kusoma rasimu 150 za kurasa kumi, tuwe wakweli. Soma ukurasa mmoja wa kila mtu, ule wa kwanza wa mjadala, maana hapo pana kila kitu. Andika mambo matatu tu na la kwanza liwe kuhusu hoja, lugha ije mwisho. Ukijaza wino mwekundu kwenye viambishi na nukta atarekebisha nukta akuletee hoja ile ile mbovu ikiwa imevaa suti.

Zilizobaki wasomeane wawili wawili, ila usiwaambie "toa maoni", watasema "iko poa". Wape kazi: piga mstari sentensi inayojibu swali la utafiti, kama huioni andika siioni. Weka duara kwenye kila dai lisilo na ushahidi. Andika swali moja ambalo mtu wa stendi angeuliza akisomewa hii.

Alafu kujieleza, dakika tano kila mtu, unaweza kugawana na wenzako wa idara. Pepa iko mezani imefunikwa. Uliza: swali lako ni lipi, kwa maneno ya kawaida? Nani ulimuuliza na kwa nini hao? Kitu gani kilikushangaza? Makala gani haikubaliani na wewe? Fungua ukurasa wowote, onyesha sentensi moja, muulize umeitoa wapi. Aliyeandika mwenyewe hata kama Kiingereza kinamsumbua ataongea, tena mwache aongee Kiswahili, na mara nyingi anatoa kitu kizuri ambacho hakukiandika, mwambie akakiandike. Ambaye hawezi kujibu hata la kwanza usimpe sifuri hapo hapo: mwambie alete kadi zake. Akiwa nazo ni woga, mpangie siku nyingine. Akiwa hana, anaanza upya kutoka hatua ya 1 na swali jipya, na tarehe ya kukabidhi ni ile ya sapu.